Nguzo Sita za Jeppestown

Mume wangu aliijenga Amerika kwa yale mapande meupe mepesi yanayozungushiwa runinga mpya dukani. Sisemi kwa kumdharau. Nasema kwa sababu nilikuwepo, nilifagia chembe zake kwenye zulia la chumba chetu pale Berea wiki hadi wiki, na zilikuwa zinanata hata kwenye mchele.

Yeye ni mtu wa Bukavu, fundi wa plasta na urembo wa dari. Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, mpishi wa shughuli. Tulikutana Johannesburg kama wengi wetu tunavyokutana huku, kwenye foleni ya karatasi za ukaazi, yeye mbele yangu, akaniachia nafasi yake. Nikamfuata mpaka kanisani kwao, kanisa la Wakongo lililoko Jeppestown ndani ya jengo lililokuwa gereji ya kunyoosha bodi za magari. Mimi nimelelewa Kianglikana, kwenye kanisa la mawe, ibada ikizidi saa moja na nusu watu wanaanza kukohoa. Hawa wenzangu wanaingia asubuhi na kutoka jua limegeuka. Kwa hiyo nilijitolea jikoni mapema sana, na watu wakanisifu kwa moyo wa utumishi.

Pasta wetu aliwahi kwenda Amerika kwenye mkutano. Wengine wakienda huko hurudi na picha zao wenyewe mbele ya maduka. Yeye alirudi na simu iliyojaa majengo. Alituwekea ukutani Jumapili moja baada ya ibada: bunge lao lenye kuba jeupe, mahakama yao yenye ngazi pana na safu ya nguzo nene, na ile nyumba ya kumbukumbu ambamo rais wao wa zamani, wa jiwe, amekaa kwenye kiti nyuma ya nguzo, na watu walio miguuni pake wanaonekana wadogo kama sisimizi. Nyeupe zote. Zote na ile pembetatu juu ya mlango.

"Munaona?" alisema pasta. "Hawa batu balifika pale na mashua, bageni kama siye. Bakajenga hivi. Leo nani anabauliza, 'Munatoka wapi?'"

Nina ugomvi wangu na pasta yule, lakini sentensi ile ilinipata. Katika ukumbi mzima hakuna aliyekuwa hajaulizwa swali hilo wiki ileile, na askari, na mwenye nyumba, na muuguzi. Wazee wakaamua hapohapo kwamba gereji ipewe uso. Na fundi alikuwa amekaa safu ya tatu, kando yangu, tayari anazihesabu nguzo kwa kidole.

Akawa mgonjwa wa nguzo. Akirudi kazini anakula mkono mmoja, mkono mwingine unakuza picha kwenye simu. Alinifundisha mambo ambayo sikuyaomba. Kwamba nguzo nzuri haijanyooka kama bomba, ina kitambi kidogo katikati, na bila kitambi hicho jicho linaiona imebonyea. Kwamba yale meno yaliyopangwa chini ya paa, ya jiwe, ni kumbukumbu ya vichwa vya boriti, kwa sababu hapo kale sana Wagiriki walijenga hivyo kwa mbao. Warumi wakaiga Wagiriki, Waamerika wakaiga wote wawili.

"Na sisi tunawaiga Waamerika," nikamwambia. "Tutakuwa tumevaa nguo ya mtumba wa mtumba."

"Mtumba ukifuliwa vizuri unaendaka harusini," akajibu, na alisema kweli, maana hata gauni langu la ndoa lilikuwa hivyo.

Jiwe hatukuliweza, wala zege. Alichonga nguzo kwa mapande yale meupe, akazivisha wavu wa waya, akazipaka plasta nyembamba, akasugua mpaka zikateleza. Kati ya sita, mbili za pembeni ndizo zilikuwa na bomba la chuma ndani, na bomba lenyewe la kawaida tu, la kubeba paa jepesi la kibaraza. Nne za kati hazikubeba hata njiwa. Ile pembetatu ya juu ilikuwa fremu ya mbao na mbao bapa zilizopakwa plasta, ndani tupu, na kwa nyuma aliacha kijidirisha cha kupandia kwa ngazi kutoka ukumbini, ili mtu aweze kufukuza ndege wasijenge viota. Aliwaambia wazee mbele yangu, nikiwa nimeshika chupa ya chai: "Hapa juu, hata godoro musiweke." Wakaitikia wote.

Kwetu tunasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sikusema hilo kikaoni. Nilisema baya zaidi: kwenye mkutano wa akina mama niliziita nguzo za keki ya harusi. Akina mama walicheka hadi kujifuta machozi. Mkuu wa mashemasi, aliyekuwa amekuja kuchukua viti, hakucheka. Ni mtu mkubwa wa Uvira, kazi yake ulinzi, na tangu siku hiyo alinitazama kama mtu anayetia kitumbua mchanga.

Halafu zikakamilika, nikanyamaza. Lazima niwe mkweli: zilikuwa nzuri hadi zinatia uchungu. Kushoto karakana ya kuchomelea vyuma, kulia nyumba ya wapangaji yenye vioo vilivyozibwa kwa kadibodi, na katikati nguzo sita nyeupe zimesimama juu ya ngazi pana. Teksi zilipunguza mwendo hata pale ambapo hakuna robot, taa za barabarani. Niliona wanawake ninaowajua, ambao ofisini huongea na karani wakiangalia sakafu, wamesimama pale kupigwa picha, shingo juu. Hakuna aliyewaambia wasimame hivyo. Mume wangu alikaa ng'ambo ya barabara kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiwatazama, na nilimpenda sana.

Sasa, kanisa lile lina desturi yake. Mwezi wa shukrani kila nyumba haileti fedha, inaleta mfuko wa simenti, na mifuko inabarikiwa, na ukumbi unaongezwa. Mwaka ule ilikuwa kwa ajili ya sakafu. Watu walikuja nayo kichwani, kwenye vitoroli, wengine kwenye buti la teksi, wakiimba. Mifuko ya kwanza ikawekwa uani, na Jeppestown ni Jeppestown. Asubuhi uani palikuwa patupu, mifuko imeibwa. Wakati huo mume wangu alikuwa na kazi kusini mwa jiji, analala hukohuko. Mimi nilikuwa natafuta nyama ya pilau ya siku ya kuuweka wakfu ule uso mpya. Hatukujua mashemasi wamepata dawa gani ya wezi.

Nilijua Jumapili yenyewe, nikiwa jikoni, mlango wa nyuma, nachambua iliki. Mama mmoja wa Kalemie, mwenye furaha kila siku, alikuwa akikoroga sufuria kando yangu.

"Safari hii simenti iko salama," aliniambia. "Mwizi akiitaka, aote mabawa."

"Mmeiweka wapi?"

Akaelekeza mwiko juu, upande wa mbele. "Kule ndani ya ile kichwa ya Amerika. Yote."

Niliacha sufuria motoni, nikatoka kwa kichochoro cha kando mpaka mbele.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na kwa sababu umejaa watoto wa kwaya walikuwa wamekalishwa nje kwenye ngazi, katikati ya nguzo, nguo nyeupe, wakingoja utepe ukatwe waanze kuimba. Binti yetu alikuwa mbele yao. Ndiye wa kuanzisha wimbo. Wiki nzima alikuwa akiuimba bafuni.

Nikatazama nguzo ya pembeni, yenye chuma. Shingoni, pale inapokutana na kichwa chake kipana kama kilemba, kulikuwa na ufa unaozunguka, mweusi, mwembamba. Chini kwenye ngazi palikuwa na unga mweupe uliomwagika upya, maana nilijua ngazi zile zilifagiwa asubuhi. Nikiwa natazama, unga ukashuka tena kidogo. Na palikuwa na sauti, kama mtu anakunja karatasi ngumu polepole, akiacha, akianza tena.

Nilimpigia mume wangu. Simu imezimwa, yuko ndani, safu ya kwanza, kwenye suti, kwa sababu siku ile angeitwa mbele. Wachungaji wa makanisa mengine walikuwa wamealikwa, na wawili walikuwa wameshamuuliza kama anaweza kuwajengea uso kama ule. Ilikuwa siku yake. Tangu atoke kwao hakuwahi kuwa na siku yake.

Nikamwendea mkuu wa mashemasi mlangoni. Nikamwambia sikioni, "Simenti mliyopandisha inashusha paa. Toa watoto hawa."

Akaangalia juu. Akaniangalia mimi. "Mama, rudi jikoni. Keki yako tuliisikia."

"Kaka, nakuomba. Angalia ufa ule."

"Nguzo sita," alisema, akinionyesha vidole. "Sita! Hizi zinabeba bunge." Na akaipigapiga ile iliyo karibu naye, kwa upendo, kama mtu anampiga ng'ombe wake ubavuni.

Hapo nilielewa kwamba hakuwa mkaidi. Aliziamini. Alikuwa ameona picha, alikuwa ameona nguzo, na kwake vilikuwa kitu kimoja. Mtu akishaamini kwa macho yake mwenyewe utamwambia nini?

Ningeweza kupiga kelele. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini ukumbi ule una mlango mkubwa mmoja tu, na unatokea palepale chini ya kibaraza. Ningepiga kelele, watu wote wangetoka kwa kasi kuja chini ya kile ninachowakimbiza, na wangezishika nguzo zile wasianguke. Mlango mwingine ni wa jikoni kwangu, mwembamba, wa mtu mmoja mmoja.

Nikarudi mbio jikoni, nikabeba sinia la sambusa. Nikaja nalo mpaka barabarani, mbali na ngazi, nikafunua kitambaa. "Wanangu wa kwaya! Za moto! Atakayechelewa asinilaumu!"

Mwalimu wao alisema, "Mama, bado," lakini mwalimu gani anashindana na sambusa? Walishuka kwa kundi. Shemasi akaanza kunifuata, amekunja uso, na hilo nalo lilikuwa jema, maana na yeye alitoka chini.

Binti yangu hakushuka.

Alibaki peke yake kati ya nguzo, shingo imenyooka, anatazama mbele. Nilimpa sinia yule mwalimu, nikapanda. Nilimwambia, "Twende." Akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba namtia aibu, kwamba kila siku namtia aibu, na leo ni siku ya baba. Nilimshika mkono. Akaizungushia nguzo mkono wa pili akaikumbatia. Ileile ya pembeni, yenye ufa.

Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa namvuta mwanangu, na kila nikivuta anaivuta nguzo. Nikamwachia. Nikasema kwa sauti niliyokuwa siijui, "Mama yangu, nakuomba. Niaibishe mimi baadaye, mbele ya watu wote. Sasa hivi shuka." Karatasi ile ngumu ikakunjwa tena juu yetu. Kipande cha plasta, ukubwa wa sahani, kikabanduka karibu na bega lake kikaanguka, na chembe nyeupe zikamwagikia nguo yake. Akaziangalia. Akaangalia tundu. Kisha akaniacha nimwongoze mpaka ng'ambo ya barabara.

Kelele za sambusa zilikuwa zimemtoa mume wangu. Alisimama mlangoni kwenye suti yake, akaona ile sahani ya plasta, akaona shingo ya nguzo.

"Kuko nini kule juu?" aliniuliza, akiwa bado mlangoni.

"Simenti. Yote ya shukrani."

Alimtazama shemasi, aliyekuwa sasa amesimama barabarani na mikono imemning'inia. Kisha mume wangu akaingia ndani, akaufunga mlango mkubwa nyuma yake.

Nilizunguka kichochoro nikaingia kwa jikoni, ndiyo maana nilisikia. Alikuwa amepanda madhabahuni, amechukua kipaza sauti mkononi mwa pasta katikati ya maombi. Jambo hilo halifanyiki.

"Ndugu zangu, munisamehe," alisema. "Ile kazi ya mbele, ni mimi njo nilifanya. Nilifanya mubaya. Inaweza kuanguka leo. Tutatoka na mlango ya jikoni, wazee kwanza, pole pole, tukiimba. Mtu asipite mbele."

Pasta akanong'ona kitu. Mume wangu akarudia kwa sauti, mbele ya wageni wote: "Papa Pasta, ni kazi yangu. Ni mubaya. Imba."

Mimi pale mlangoni nilitaka kurusha mwiko. Mubaya! Nilitaka kupiga kelele kwamba waulizeni mashemasi. Lakini nilimwangalia usoni nikaelewa anachofanya. Angesema, "Mmepandisha simenti," wangeanza: nani kapandisha, nani karuhusu, kikao kiliamua nini. Wakongo wangu nawajua, na Watanzania ni hivyohivyo. Wangejadili mpaka paa lishuke. Mtu anayejilaumu mwenyewe, hakuna wa kubishana naye. Wakasimama. Wakaimba. Wakatoka mmoja mmoja kupitia jikoni kwangu, juu ya vitunguu vyangu, bibi mmoja akabebwa mgongoni na pasta mwenyewe, na hilo nitamkumbukia daima. Mume wangu alitoka wa mwisho.

Paa halikuanguka.

Lilishuka kama upana wa kiganja upande mmoja, likatulia. Mafundi wa karakana ya jirani walileta vyuma vya kuegemeza, mifuko ikateremshwa kwa kamba kutokea ndani, na jioni pilau ikaliwa, imeungua chini. Wachungaji wageni walikuwa wameshaondoka. Hakuna aliyeuliza namba ya simu ya fundi. Wiki ileile maneno yalifika Berea, yakafika hata Mayfair ninakonunua viungo: fundi mwenyewe kakiri, kazi yake mbovu. Wengine wakaongeza kwamba maombi ya pasta ndiyo yaliyoshikilia paa. Simu yake ya kazi ikanyamaza.

Niligombana naye vibaya, chumba kilekile kimoja, nikidhani binti amelala. Nilimwambia aende akaseme ukweli, au nitakwenda mimi. Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Ukisema, ile Jumapili nani atakaa karibu na yule shemasi? Iko na batoto bane. Kwetu niliona vile batu banatafutaka mwenye kosa. Nilitoka kwetu sababu ya ile." Nikaviokota viatu vyake, nikavibwaga nje ya mlango.

Kilichoniuma hasa ni binti. Watoto wenzake walimpa jina la zile chembe nyeupe za nguzo. Kwenda kanisani alianza kutembea mbele yetu, hatua kadhaa, kama hatujui. Baba yake aliona. Alipunguza mwendo ili amrahisishie.

Nguzo zikatiwa chuma na fundi mwingine, zikapakwa upya, na siku ya kukata utepe ikapangwa tena. Watoto wakakalishwa kwenye ngazi. Mume wangu hakuitwa mbele, wala hakuwa amealikwa. Tulisimama ng'ambo ya barabara, mimi na yeye, yeye kwenye suti ileile. Mkuu wa mashemasi alikuwa mlangoni.

Msichana mmoja wa kwaya akamgeukia binti yetu, akamuuliza kwa Kizulu, kwa sauti ya kusikiwa na wenzake na hata sisi ng'ambo, kama ni kweli baba yake ndiye aliyejenga vibaya mpaka nusura wafe. Kizulu changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa lote.

Binti yangu hakuinamisha kichwa. "Hakujenga vibaya," alijibu kwa Kizulu hichohicho. "Alidanganya, ili mtoke."

Shemasi pale mlangoni alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na hakuiachia. Yule msichana akasema "eish," kama wanavyoshangaa huku, akasogea, akampa binti yangu nafasi ya mbele.

Mume wangu anakijua Kizulu kunizidi. Aligeuka akawa anaitazama karakana ya kuchomelea, iliyofungwa kwa kuwa ni Jumapili, akaitazama kwa muda mrefu, na mimi nikamwacha.